Usimwambie Mtu Mpaka Ndege Iondoke

Siku ya kufungua bale la nguo katika soko la mitumba la Nakuru, heshima huwekwa kando. Watu huinama, husukumana, huvuta wanachokiona bila kuuliza nani alitangulia. Nyakio alikuwa amekamata mkono wa kushoto wa jaketi zito la kijani, lenye manyoya kwenye kofia, alipohisi limegoma kuja. Upande wa pili kulikuwa na kijana mrefu, ovaroli yake imejaa vitundu vya cheche kifuani, ameushika mkono wa kulia na hana dalili ya kuuachilia.

"Boss, achilia. Hii nimeiona nikiwa kule kwa viatu."

"Kuiona uliiona. Mimi nimeishika."

"Na ni ya wanawake."

Kijana alikagua vifungo, akaona ni kweli, lakini hakuachilia. Macho yake yalikuwa yamehama kutoka kwenye jaketi. Msichana alikuwa na rinda jeupe la kazi chini ya sweta ya maruni, rasta zake amezifunga kwa kitambaa cha manjano, na jasho jembamba lilikuwa limejipanga juu ya mdomo. Kijana aliona hayo yote, na mimi simlaumu.

"Nakuru hakuna baridi ya kuvaa hii," alisema. "Unaenda nayo wapi?"

"Kanada," alijibu Nyakio, ingawa hata pasipoti hakuwa nayo. "Na wewe?"

"Ujerumani. Huko ndiko welda anaheshimiwa." Pasipoti naye hakuwa nayo.

Mwenye kibanda aliwaambia kwamba kama wote wanakwenda ng'ambo basi waoane, jaketi wavae kwa zamu. Walicheka, kijana akaachilia, akaomba namba ya simu kama fidia. Alipewa.

Kijana huyo aliitwa Sitati. Alichomelea malango na madirisha katika karakana moja upande wa Kaptembwa, na malango yake yalijulikana, maana yalifunga bila kupiga kelele. Nyakio alikuwa msaidizi katika kliniki ndogo mjini, akiishi kwa shangazi yake pale Section 58. Kwao ni Elburgon, ambako baba yake alipasua mbao maisha yake yote mpaka kifua kikakataa. Mama yake ndiye aliyebaki akiangalia nyumba, viazi na watoto wadogo wawili, na macho ya nyumba nzima yalikuwa kwa Nyakio.

Walipendana haraka, kama watu waliokuwa wakingojeana. Simu ya kwanza ya asubuhi ilikuwa ya Sitati, akimuuliza Daktari kama amelala vizuri. Nyakio alimkumbusha kila mara kwamba yeye si daktari, kisha akamuuliza Cheche kama amekunywa chai au ameanza kula moshi. Jumapili walikaa katika bustani ya Nyayo na pakiti ya njugu katikati yao, wakizungumza juu ya nchi za watu kama wengine wanavyozungumza juu ya mpira. Qatar waliifuta, kwa sababu binamu yake Sitati alirudi kutoka huko na hataki kuulizwa. Australia waliiona mbali mno. Nyakio aliipenda Kanada, kwa kuwa alisikia huko mtu anaweza kwenda na watu wake wakatulia. Sitati aliitaja Ujerumani na viwanda vyake. Hawakukubaliana, wala hawakugombana. Jambo moja tu ndilo walilolipatia kiapo.

"Tukienda, tunaenda nchi moja," alisema Nyakio. "Yeyote akipata kwanza, asiseme ndiyo mpaka amwambie mwenzake."

"Sawa, Daktari."

"Usiniambie sawa. Apa."

Sitati aliapa. Nyakio naye akaapa. Na hapo, jamani, ndipo mambo yangekaa kama yalivyo, lau watu wetu wasingekuwa na ule ugonjwa wao.

Ugonjwa wenyewe mnaujua. Mtu wetu akianza kutafuta viza, anakuwa bubu. Anaacha kazi bila kuaga, anatoa vyombo ndani ya nyumba kimoja kimoja, anawaambia majirani anahamia Eldoret. Siku moja mnaona picha yake amesimama kwenye theluji. Sababu ni hofu. Husuda ya watu, wanasema, inaweza kuisimamisha ndege. Pale karakanani kwa Sitati ushahidi ulikuwepo, unatembea na kula. Fundi mmoja, Wanyonyi, alipata ahadi ya kazi Australia, akachinja mbuzi, akaombewa, akavishwa shada la maua. Viza ikakataliwa. Tangu siku hiyo hakuna anayemwita Wanyonyi. "Australia, nipe spana." "Australia, umekula?" Hucheka nao, lakini Sitati alimwona mara moja akijifuta macho nyuma ya mtungi wa gesi.

Kwa hiyo Sitati alipopata ajenti wa kumtafutia kazi, alijiambia atamweleza Nyakio kitu kikishakuwa kitu. Kabla ya hapo, hapana. Aliogopa kuitwa jina la nchi mbele ya msichana anayempenda.

Naye Nyakio? Chuo alikokuwa akijifunza Kijerumani jioni, maana gharama za Kanada hakuziweza, somo alilomwambia Sitati ni la kompyuta, kilimpatia nafasi ya mafunzo ya uuguzi, miaka mitatu, katika makao ya wazee huko Ujerumani. Ilikuja kwa kishindo, ijibiwe kabla ya Ijumaa. Alikwenda Elburgon kumwambia mama yake, na Mama Nyakio, kabla hata ya kufurahi, aliinuka akafunga mlango.

"Nani mwingine anajua?"

"Wewe tu. Nataka kumwambia Sitati."

Mama alikataa. Alimtajia binti wa rafiki yake wa kanisani, aliyemwambia mchumba wake, mchumba akamwambia dada yake, na kufikia wiki ya pili safari ilikuwa imekufa. Alisema hana ubaya na huyo kijana. Alisema baba yake Nyakio anahitaji dawa ambazo viazi haviwezi kuzinunua, na kama Nyakio anampenda baba yake atanyamaza mpaka ndege iondoke. Alimshikisha Biblia. Nyakio alikuwa sasa na viapo viwili vinavyogombana, akashika kile cha mzazi. Alitia sahihi Alhamisi, analia.

Siku ya mahojiano ubalozini ilipofika, alihitaji sababu ya kutoonekana Nakuru. Alimpigia Sitati akamwambia kuna msiba nyumbani Elburgon, mjomba wa baba amefariki, mazishi ni Jumatano. Msichana wa kwetu, azaliwe akue hapa, halafu asahau kwamba ukimwambia mtu una mazishi atakuja kuzika nawe! Hilo ndilo kosa lake, na lilimgharimu.

Jumatano Sitati aliazima koti jeusi, akanunua mikate miwili na pakiti ya majani ya chai, akapanda Elburgon. Mvua ya huko ilikuwa ile yake ya kunyunyiza, mji mzima unanuka mbao mbichi. Aliuliza njia ya nyumba yenye msiba na watu wakamshangaa, mpaka alipotaja jina la Nyakio. Alipofika alimkuta Mama Nyakio peke yake uani, anachagua viazi vya mbegu. Hakuna turubai wala viti, hata gari moja halikuwepo.

Alisalimu kwa adabu, akatoa pole. Mama aliitazama mikate, akalitazama koti, akaelewa binti yake amesema nini. Aliaibika, na kwa aibu akadanganya vibaya zaidi.

"Nyakio hayuko, kijana. Ameenda Nairobi. Ana wageni wake huko."

"Wageni gani, mama?"

"Wageni tu. Ni mambo ya familia."

Mtu akikwambia binti wa rika lile ana wageni, na ni mambo ya familia, unaelewa nini? Sitati alielewa posa. Aliacha mikate juu ya gunia, akaaga, akashuka kilima na koti la watu likilowa mabegani. Nyakio alipompigia jioni, sauti ameichosha makusudi kama mtu aliyetoka makaburini, Sitati alimuuliza mazishi yalikwendaje. Akajibu yalikwenda salama, watu walikuwa wengi.

"Nilikuwa kwenu leo," alisema Sitati. "Nimemsaidia mama yako kuangalia viazi."

Hakumpa nafasi ya kujitetea.

"Ni nani, Nyakio? Niambie tu jina lake, niache kujisumbua."

"Hakuna mtu. Sitati, nakuomba, subiri kidogo. Kuna kitu siwezi kusema sasa."

"Basi usiseme," alisema Sitati, akakata simu.

Nyakio alipiga tena na tena, siku hiyo na kesho yake. Sitati aliiangalia simu ikizunguka juu ya benchi la chuma mpaka inyamaze. Alikuwa anaumwa moyoni, na mwanamume akiumwa hivyo hana akili. Siku chache baadaye ajenti alimwita. Waajiri wawili walikuwa wameikubali kazi yake, mmoja Ujerumani, mwingine Kanada, achague mmoja na ajibu hapo hapo.

Sitati aliomba dakika moja, akatoka nje ya ofisi. Ujerumani ilikuwa ndoto yake tangu shule. Aliishika simu, akalitafuta jina la Daktari, kidole kikabaki hewani. Kumwuliza hawezi, ana wageni wake. Na kama akimwuliza, halafu viza ikataliwe, si ndiyo ataitwa Kanada mpaka azeeke? Lakini moyo ulimpeleka ulikotaka. Alijiambia kwamba huenda siku moja yale ya wageni yatapita, na wakipatana, Nyakio alitaka Kanada. Alirudi ndani akasema Kanada. Hata akiwa na hasira hivyo, alimchagulia yeye.

Kuna mpiga picha mmoja mjini Nakuru, Maxwel, ghorofani juu ya duka la vitambaa, ambaye hujua anayehama nchi kabla ya mama yake mzazi kujua. Picha za viza hazifanani. Za Kanada ni kubwa kuliko za Ujerumani, na zote hazitaki meno. Maxwel hujua yote haya na hasemi kwa yeyote, maana siku atakaposema biashara itakufa.

Mchana mmoja wa Jumamosi Sitati alipanda ngazi zile kufuata picha zake. Pazia lilikuwa wazi. Juu ya kigoda, mbele ya kitambaa cheupe, alikaa Nyakio. Ameondoa hereni, rasta amezivuta nyuma masikio yaonekane, blauzi nyeusi imefungwa hadi shingoni. Maxwel alikuwa akimwambia asitabasamu, wala hakuhitaji kuambiwa. Alikuwa amekonda. Alimwona Sitati mlangoni, na picha ile ya kwanza iliharibika.

"Unafanya nini hapa?" aliuliza Nyakio.

Sitati aliingia ndani. Juu ya kaunta, karibu na mkono wake, sura yake mwenyewe ilikuwa imelazwa mara sita, kubwa, haina meno. Nyakio aliziona. Alikuwa ameshapiga picha za kutosha mwaka ule, akavijua vipimo.

"Hizo ni za Kanada," alisema polepole.

"Na zako?"

"Ujerumani. Viza imeshagongwa. Hizi ni za kwenda nazo."

Maxwel, mtu mwenye busara zake, alisema anakwenda kununua maji. Walibaki peke yao na ile taa kali. Nyakio alimweleza yote: chuo, kiapo cha mama, ubalozi siku ile ya mazishi. Wageni wa Nairobi walikuwa mzungu mmoja nyuma ya kioo aliyemuuliza kwa Kijerumani anapenda nini, akajibu anapenda kupika. Sitati alisikiliza mpaka mwisho, na kila neno lilimwondolea jiwe moja na kumpa lingine.

"Hakuna mwanamume," alisema Sitati.

"Yupo. Amesimama hapo na ovaroli chafu, hashiki simu."

Alimkumbatia. Walikaa hivyo muda, kidevu chake juu ya rasta zake, harufu ya mafuta ya nazi na ya chuma kilichoungua zimechanganyika. Kisha Nyakio alijitoa kidogo akamtazama.

"Lakini wewe ulitaka Ujerumani. Mbona Kanada?"

"Niliambiwa nichague. Zilikuwa zote mbili mezani."

"Sitati. Mbona Kanada?"

"Ulisema unaipenda. Tangu siku ile ya jaketi."

Nyakio aliketi tena kwenye kigoda. Alilia bila sauti, mikono kifudifudi juu ya magoti. Neno moja tu kwenye simu, kutoka kwa yeyote kati yao, lingetosha. Mimi ninayesimulia nimewajua watu wengi waliopoteza nchi kwa kusema sana, ila hawa wawili walipotezana kwa kunyamaza, na sijui nani wa kuwafariji.

Walijaribu kurekebisha, msidhani hawakujaribu. Ajenti alisema ile kazi ya Ujerumani imeshapewa mwingine. Nyakio aliuliza kama anaweza kuhamishiwa Kanada, akaambiwa aanze upya kabisa, na baba yake alikuwa analala ameketi kwa kukosa pumzi. Waliwaza kuoana upesi. Makaratasi ya Nyakio yote yalisema hajaolewa. Kubadilisha neno hilo kungerudisha viza nyuma, na kwao na kwa kina Sitati kule Bungoma hakuna wazee wanaomaliza mazungumzo ya ndoa kwa wiki moja. Walibaki na siku zilizobaki. Walizitumia kutembea, kula chipsi kwenye sahani moja, na kucheka pale walipoweza.

Jioni ya mwisho, wakiwa nje ya nyumba ya shangazi, Nyakio alisema alilolificha wiki nzima.

"Nimeamua. Viza yako ikikataliwa kabla sijaondoka, mimi sitaenda. Nitabaki na wewe."

"Na baba yako?"

"Tutatafuta njia. Siwezi kukuacha hapa peke yako wakuite majina. Na kuanzia leo hakuna siri. Jambo lolote likitokea, siku hiyo hiyo unaniambia. Niapie, na safari hii uwe unamaanisha."

Aliapa.

Kesho yake, baada ya kupanda kwao alfajiri, Nyakio aliondoka Elburgon saa nne asubuhi na mama yake, katika gari la kukodi, majirani wakiambiwa wanampeleka mzee kupigwa eksirei. Mzee mwenyewe alifichwa ndani, mapazia yamefungwa. Sitati hakuruhusiwa kumsindikiza. Alikuwa karakanani akipima lango la mteja mmoja, Mzee Kipkemoi, wakati simu ilipotetemeka mfukoni. Ilikuwa barua pepe ya Kanada. Aliisoma amesimama. Walisema wanasikitika.

Aliirudisha simu mfukoni akaendelea kupima. Nyakio alipopiga wakipita Gilgil, akauliza kuna habari gani, alimwambia jua ni kali, malango ni mengi. Alipopiga kutoka Nairobi, wakila chakula cha mwisho na mama, alimwambia amsalimie mama. Mama alipokea simu, kwa mara ya kwanza tangu ile siku ya viazi, akamwita mwanangu na kumshukuru kwa kunyamaza. Sitati alisema asante mama. Saa zile zote alikuwa na neno mdomoni, akalimeza.

Jua lilikuwa linaelekea Mau Nyakio alipopiga mara ya tatu. Sauti yake ilikuwa inavuma, kama mtu aliye ndani ya ukumbi mkubwa.

"Nimeshapita. Wamegonga pasipoti, mama amerudi. Cheche, niko peke yangu na watu wote hawa."

"Wanaanza kupanda?"

"Bado kidogo. Foleni inajipanga."

"Nyakio, Kanada wamenikataa."

Alisikia pumzi yake ikikatika.

"Lini?"

"Asubuhi. Mlikuwa bado hamjafika Njoro."

"Asubuhi. Na umeongea na mimi mara mbili." Alikuwa analia sasa bila kujali watu. "Ungeniambia asubuhi ningeshuka kwenye gari."

"Najua. Ndiyo maana sikukuambia asubuhi."

"Basi mbona unaniambia sasa? Si ungeacha tu nifike?"

"Niliapa siku hiyo hiyo. Na siku haijaisha."

Nyuma ya Nyakio mwanamke alikuwa akitangaza kitu kwa Kiingereza, kisha kwa Kijerumani, na Sitati alijua kwamba Nyakio anaelewa na yeye haelewi.

"Niambie nirudi," alisema Nyakio. "Sema neno moja tu, nitawaambia wanifungulie."

Mungu ndiye ajuaye alivyotaka kulisema. Alilishika lango kwa mkono mmoja.

"Panda, mpenzi. Baba anangoja dawa."

"Na wewe?"

"Mimi niko Nakuru. Unajua pa kunipata."

Nyakio hakukata simu. Alitembea nayo imewashwa, na Sitati akasikia magurudumu ya begi, mtu akiomba tiketi, Nyakio akijibu ndiyo kwa lugha ile ngeni, kisha mlio, kisha hakuna kitu.

Alivaa barakoa yake ya kuchomelea akaendelea na kazi, kwa kuwa Mzee Kipkemoi alikuwa ameahidiwa lango lake jioni ile. Mzee alipofika alilizunguka mara mbili, akakuna kichwa. Bawaba zilikuwa zimechomelewa upande usio wake. Lango lisingefunguka kamwe.

"Kijana, hii si kazi yako," alisema. "Kwani leo kuna nini?"

Wanyonyi na mafundi wengine walikuwa pale pale, wameacha kugonga, wanasikiliza. Sitati alivua barakoa, akaketi juu ya mtungi wa gesi, akamwambia mzee huyo asiyemjua vizuri mambo yote tangu mwanzo, na jina la msichana, na jina la nchi aliyokwenda.